Majipu Mwilini, Usaha Kifuani



Tunapotaja neno haki katika vikao vyetu vya parokia, mawazo ya wengi hukimbilia mahakamani, kwenye mipaka ya mashamba, kwenye mirathi ya wajane na kwenye masanduku ya kura. Mambo hayo ni ya haki kweli kweli, wala Tume yetu haitaacha kuyasema. Lakini ipo haki nyingine isiyo na hakimu wala karani, nayo hudaiwa na mtu asiyeweza kusema: ni haki ya mtoto wa miezi saba kuvuta pumzi. Mtoto huyo hana kadi ya mpiga kura wala hati ya kiwanja. Akifa, hakuna anayemwandikia mhariri barua. Kaburi lake ni dogo na mazishi yake huwa mafupi; jioni watu wamekwisha kurudi mashambani. Ndiyo maana nimeona vema kuandika humu juu ya ugonjwa, jambo ambalo wengine watasema lingewafaa zaidi madaktari.

Nimonia, ambayo wengi wetu huiita kichomi au homa ya mapafu, ndiyo maradhi ya kuambukiza yanayowaua watoto wadogo wengi kuliko maradhi mengine yoyote ya namna hiyo duniani. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1 tu, yaani 2019, iliwaua watoto zaidi ya 740,000 wenye umri chini ya miaka 5. Kwetu Tanzania, ni lazima tuwe wakweli na kusema kwamba hali imekuwa bora. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004-05 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5; ule wa 2015-16 ulionyesha 67; na ule wa 2022 ulionyesha 43. Chanjo zimefanya kazi kubwa: ile ya kukinga homa ya mapafu iletwayo na bakteria wa Hib iliyoingizwa mwaka 2009, na ile ya kukinga nyumokoki iliyoanza kutolewa nchini Januari 2013. Tumshukuru Mungu, tuwashukuru na wauguzi wanaopanda milima na masanduku ya barafu begani. Lakini 43 si namba ndogo kwa mama ambaye wake ni mmoja wa hao 43.

Ipo hata hivyo namna moja ya nimonia isiyokingwa na chanjo hizo, nayo ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu. Ni nimonia iletwayo na bakteria aitwaye stafilokoki. Bakteria huyu si mgeni kwetu. Karibu theluthi moja ya watu wenye afya wanamchukua puani mwao bila kudhurika, na juu ya ngozi zetu hupita kama msafiri. Ndiye mwenye majipu. Ndiye mwenye vile vipele vyenye kichwa cheupe cha usaha vinavyowatoka watoto shingoni, makwapani na makalioni. Maadamu ngozi ni nzima, hukaa nje. Ngozi ikikunwa usiku kucha kwa sababu ya upele, ikibabuka kwa utapiamlo, au ikichanjwa kwa wembe, amepata mlango.

Kutoka hapo aweza kufuata damu mpaka mapafuni. Aweza pia kuingia kwa njia ya pua na koo, hasa pale surua au mafua makali yalipokwisha kuidhoofisha njia ya hewa. Akifika mapafuni hafanyi kazi ya polepole. Huharibu nyama ya pafu na kuacha mashimo yenye hewa na usaha. Usaha huo huweza kujaa katika nafasi iliyo kati ya pafu na mbavu, hata pafu likabanwa lisiweze kutanuka. Wakati mwingine shimo hupasuka na hewa ikavujia kifuani. Mtoto aliyeamka na homa Jumatatu asubuhi aweza kuwa hoi Jumanne jioni. Wanaopatwa zaidi ni wachanga walio chini ya mwaka 1, na pamoja nao wenye utapiamlo, waliotoka kuugua surua, na wenye virusi vya UKIMWI.

Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani limewaandalia waganga wa hospitali ndogo unawaambia washuku nimonia hii pale hali ya mtoto inapozidi kuwa mbaya upesi ingawa anapata dawa, au pale picha ya eksirei inapoonyesha mifuko ya hewa ndani ya pafu, au hewa na majimaji kifuani. Kisha unaongeza kwamba vipele vya usaha kwenye ngozi vinaipa nguvu shuku hiyo. Maana yake ni nini kwetu sisi tusio waganga? Ni kwamba mama aliyemvua mtoto nguo na kuona majipu, huku mtoto huyo anapumua haraka na kifua kinabonyea, ameona jambo ambalo hata mashine ya hospitali ingependa kuliona. Alionyeshe. Alitaje hata kama hajaulizwa, kwa maana katika msongamano wa asubuhi mganga aweza kusikiliza kifua juu ya nguo na asiione ngozi kabisa.

Dawa iliisha

Naomba mnivumilie nisimulie habari ya zamani kidogo. Mwaka 1941, mjini Oxford, Uingereza, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alilala hospitalini akiwa na majipu usoni na kichwani. Stafilokoki na jamaa yake streptokoki walikuwa wamemwenea hadi mapafuni, na jicho lake moja lilikwisha kuondolewa. Tarehe 12 Februari alianza kudungwa penisilini, dawa ambayo mpaka siku ile karibu hakuna mgonjwa mwingine mahututi aliyewahi kutibiwa kwayo. Baada ya siku chache homa ilishuka, akaanza kula. Lakini dawa yote iliyokuwapo ilikuwa kidogo mno. Wataalamu wale walifikia hatua ya kukusanya mkojo wake ili waichuje penisilini iliyotoka humo na kumrudishia mwilini. Dawa iliisha. Maradhi yakarudi, na tarehe 15 Machi akafariki. Baada ya hapo waliamua kuendelea na kazi yao zaidi kwa watoto wagonjwa, kwa sababu mwili mdogo hutosheka na dawa kidogo.

Nimeitaja habari hii kwa ajili ya maneno mawili tu: dawa iliisha. Mwaka 1941 iliisha Oxford kwa sababu dunia nzima haikuwa na nyingine. Leo mama akiambiwa dirishani kwamba dawa imeisha, dunia inayo tele. Haikuishia duniani, bali iliishia njiani, mahali fulani kati ya Bohari ya Dawa na rafu ya zahanati, kati ya hati ya maombi iliyochelewa kutumwa na gari lililokosa mafuta. Kila hatua ya njia hiyo ina mtu mwenye jina na mshahara.

Stafilokoki hawakukaa kimya tangu siku za Oxford. Katika miaka michache walijifunza kuivunja penisilini, na leo wengi wao haiwadhuru. Hata ampisilini na amoksilini wanazivunja. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye nimonia ya namna hii huhitaji kloksasilini, dawa ya tangu miaka ya 1960, pamoja na jentamisini. Si dawa za siri wala za matajiri. Lakini tuone zinavyotolewa. Mwongozo ule ule unasema kloksasilini idungwe kila baada ya saa 6, kwa muda usiopungua siku 7, na jentamisini mara 1 kwa siku; kisha mtoto akipata nafuu aendelee kumeza kloksasilini mpaka zitimie wiki 3. Hesabuni wenyewe: katika juma la kwanza tu ni sindano 28 za dawa moja na 7 za nyingine. Mmoja wa dozi hizo huangukia usiku wa manane, na lazima awepo muuguzi aliye macho. Kama usaha umejaa kifuani, lazima uingizwe mrija wa kuutoa. Kama oksijeni ya damu imeshuka chini ya asilimia 90, lazima iwepo mashine ya oksijeni, na umeme wa kuiendesha, na jenereta siku umeme ukikatika.

Na mama? Mama yuko kando ya kitanda juma zima au mawili, na huko nyumbani ana wengine watatu. Kama ni msimu wa kupanda, mvua haimsubiri. Analala sakafuni, anakula anacholetewa au hali. Siku ya nne, mtoto akianza kunyonya tena na homa ikipungua, moyo wake wote humwambia arudi. Wapo wanaorudi. Tunawaita watoro wa wodi, na katika faili huandikwa hivyo. Mimi sikubaliani na neno hilo. Anayemwachia mtu mmoja mzigo wa watu kumi, kisha akamlaumu kwa kuutua njiani, hajui haki ni nini.

Njia ndefu ya kwenda wodini

Miaka michache iliyopita niliitwa kigango kimoja cha mbali kumzika mtoto wa miezi tisa. Nilisikiliza habari yake kwa mama, kwa nyanya yake na kwa katekista, nami naieleza kwa kifupi. Alianza kwa majipu mawili shingoni. Nyanya akayakamua, kama alivyokamuliwa yeye utotoni. Siku ya tatu homa na kikohozi. Baba alikuwa mbali akifanya vibarua, na simu yake haikupatikana. Katika duka la dawa walimuuzia mama vidonge vinne vya rangi mbili, vya mtu mzima, kwa kadiri ya fedha aliyokuwa nayo. Akafungua na kugawa unga wake kwa kijiko. Siku ya nne kifua kilibonyea, mtoto akapelekwa kwa mzee mmoja aliyemchanja chale sita chini ya chuchu na kusugua majivu. Siku ya tano alifika zahanati. Mganga alimdunga sindano moja, akaandika barua ya rufaa, na alifanya vema. Lakini mwenye pikipiki alidai nauli iliyolingana na bei ya mbuzi. Mbuzi akatafutiwa mnunuzi. Siku ya sita jioni walifika hospitali, wakaambiwa watoe amana kwanza ndipo wapate kitanda. Mtoto alifia kwenye benchi la mapokezi. Hospitali hiyo, ambayo sitaitaja, ilikuwa na msalaba juu ya lango lake.

Waombolezaji walinong'ona kwamba mama alikuwa mzembe. Mzembe! Mwanamke aliyetembea siku nne mfululizo akigonga kila mlango aliouona. Milango ile ndiyo iliyokuwa mizembe.

Nisieleweke vibaya kuhusu chale. Sina ugomvi na wazee wetu, wala sidharau dawa za miti. Bibi zetu walitulea kwa walichokuwa nacho. Lakini sasa mmejua jinsi bakteria huyu aingiavyo. Kumchanja kwa wembe mtoto ambaye tayari ana usaha ni kuongeza milango kwenye nyumba iliyovamiwa. Kadhalika kumkata kimeo mtoto mwenye kikohozi, na kumng'oa mtoto mwenye homa yale yaitwayo meno ya plastiki, ambayo kwa kweli ni meno yake mwenyewe yasiyokomaa bado. Imani hii imezunguka nchini tangu miaka ya 1980 na imewamwagisha damu wachanga wengi bila sababu. Viongozi wa Jumuiya wanajua ni nani wanaofanya kazi hizi, na mara nyingine ni waumini wenzetu wapokeao Ekaristi. Tuzungumze nao kwa upole, uso kwa uso, kabla ya kuwasema hadharani.

Tunalomsingizia Mungu

Katika mazishi ya watoto husomwa mara nyingi maneno ya Ayubu juu ya Bwana atoaye na atwaaye. Ni maneno matakatifu, na mfiwa akiyasema kutoka vilindi vya uchungu wake, ni sala. Lakini akiyasema mwenye ufunguo wa stoo ya dawa, ni kujitetea. Tusimsingizie Mungu wizi uliofanyika mchana kweupe. Tukumbuke pia kwamba Ayubu huyo huyo alipigwa kwa majipu tangu utosini hadi nyayoni, na Kitabu Kitakatifu hakisemi kuwa mkono uliompiga ulikuwa wa Mungu.

Wapo miongoni mwetu, hata Wakatoliki, wanaofikiri kwamba kumpeleka mtoto hospitali kabla ya kumwombea ni upungufu wa imani. Hao wasome habari za mfalme Hezekia katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 20. Aliugua jipu karibu ya kufa. Alisali na kulia. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Je, nabii Isaya alifanya nini baada ya kupokea jibu hilo la Mungu? Aliagiza tini zilizopondwa zibandikwe juu ya jipu. Sala na dawa zilikwenda pamoja katika nyumba ile, wala nabii hakuona haya. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba tabibu ameumbwa na Bwana, na kwamba dawa Bwana ndiye aliyezitoa katika ardhi, na mwenye busara hatazidharau.

Hapa nina neno kwa makatekista. Sheria ya Kanisa inataka mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia, na wakati wa hatari mtu yeyote mwenye nia njema aweza kubatiza. Kwa hiyo ninyi huitwa usiku. Mara nyingi ninyi ndio mnaofika kabla ya mganga, na pengine badala ya mganga. Basi batizeni. Lakini mkiisha kubatiza, msikae kusubiri. Inueni nguo ya mtoto akiwa ametulia, mtazame kifua chake, na kwa saa au simu ya mkononi mhesabu pumzi zake kwa dakika 1 kamili. Mtoto wa chini ya miezi 2 akivuta pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akivuta 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi miaka 5 akivuta 40 au zaidi, huyo anapumua haraka kuliko ipasavyo. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila avutapo pumzi, kama hawezi kunyonya wala kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege au amelegea haamki, hana muda wa kungoja mapambazuko. Na kwa mchanga wa chini ya miezi 2, vipele vya usaha au kitovu chekundu tu ni sababu ya kumfikisha zahanati siku hiyo hiyo, hata kama anapumua vizuri.

Hesabu hii ya pumzi si ujanja niliobuni. Wilayani Bagamoyo, katika miaka ya 1980, wahudumu wa afya wa vijijini waliokuwa na mafunzo mafupi walitembelea nyumba, wakawafundisha akina mama dalili za nimonia, wakatoa dawa na kuwapeleka mbele waliozidiwa. Vifo vya watoto vilipungua. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea, mwaka 1996, utaratibu wa kimataifa wa kumtibu mtoto mgonjwa unaotumia hesabu hiyo. Tunayo elimu hii muda mrefu kuliko umri wa wazazi wengi wa leo.

Vyetu na vya serikali

Mtakatifu Yohane wa 23, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliitaja huduma ya matibabu kati ya haki za kila binadamu, sambamba na chakula, mavazi na makazi. Hakuiweka kati ya sadaka. Tofauti ni kubwa: anayenyimwa sadaka hushukuru na kwenda zake, anayenyimwa haki ana neno la kusema.

Serikali yetu ilipoanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993, iliwaweka watoto wa chini ya miaka 5 kati ya wasiopaswa kulipa. Msamaha huo ni wa kisera, nasi tuudai. Lakini msamaha wa kumwona mganga bure kisha ukanunue sindano, mpira wa dripu na glovu mtaani ni msamaha wa kumfungulia mtu mlango wa ghala tupu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023; tuifuatilie kwa makini, maana sheria iliyo juu ya karatasi haidungi sindano. Kila kituo cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Ni walei wangapi kati yetu wanaowajua wajumbe hao kwa majina? Ni wangapi waliowahi kuwauliza kloksasilini ya watoto ilikosekana siku ngapi katika robo ya mwaka iliyopita? Swali hilo halihitaji shahada. Linahitaji mtu atakayesimama na kuliuliza, kisha akalirudia kikao kinachofuata.

Lakini hatuwezi kuielekeza serikali kidole huku milango yetu wenyewe ikidai amana. Mwaka 1992 makanisa yalitia sahihi mkataba na serikali, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikazaliwa, ili hospitali zetu ziendelee kuwahudumia wananchi. Najua shida za hospitali hizo: mishahara, ruzuku zinazochelewa, madeni. Sizipuuzi, na waganga wafawidhi wengi wanafanya kazi ya kitakatifu kwa bajeti ya kudhihaki. Hata hivyo yapo mambo yasiyopaswa kusubiri mhasibu. Mtoto anayebonyea kifua apate oksijeni na dozi ya kwanza kabla ya swali la fedha kuulizwa. Hili liandikwe, libandikwe ukutani mapokezi, na mlinzi wa lango alijue pia. Tajiri yule wa Injili ya Luka hakumpiga Lazaro wala hakumfukuza. Alimwacha tu langoni na vidonda vyake, akawa anapita.

Yapo tunayoweza kuyafanya bila kusubiri mtu. Upele, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, hutibika kwa dawa ya kupaka, mradi nyumba nzima ipake siku moja na matandiko yafuliwe. Ukimpaka mtoto peke yake umepoteza dawa. WAWATA wakilifanya hili katika Jumuiya moja baada ya nyingine watakuwa wamefunga milango mingi. Jipu lisikaminywe. Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo. Mikono ioshwe kwa sabuni, nami najua nasema sabuni kwa watu ambao baadhi yao huchota maji umbali wa saa nzima. Kisima basi ni suala la mapafu, si la kiu pekee. Na moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha huongeza karibu mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia. Akina baba wanaojua kufyatua tofali wanajua pia kutoboa dirisha.

Mwisho, nauli. Napendekeza kwa Halmashauri Walei ya kila parokia kwamba, kabla ya mchango wowote mpya wa vigae, uzio au mnara wa kengele, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na mfuko wa usafiri wa mgonjwa. Usiwe mkubwa, utoshe nauli ya pikipiki mpaka zahanati, na ya gari kutoka hapo mpaka hospitali ya wilaya, pamoja na chakula cha mama kwa juma moja. Fedha ikae kwa mtu anayelala kijini, si kwa mweka hazina aishiye mjini. Isiombwe kwa barua. Mwenye pikipiki mmoja au wawili waandikishwe na kukubaliana bei mapema, mchana, watu wakiwa na akili timamu, ili mbuzi wa mtu asiuzwe usiku kwa nusu ya thamani yake. Mtoto apelekwe bila kuulizwa dhehebu la wazazi wake. Wakati mama yuko wodini, Jumuiya igawane zamu za shamba lake na za watoto aliowaacha, na zamu hizo ziandikwe katika daftari lile lile la sala. Na fedha akabidhiwe mama mwenyewe, mkononi mwake, usiku huo huo, bila kungoja mume arudi.